Kikapu cha Senene, Asubuhi ya Hesabu

Je, mama alijua? Nimejiuliza swali hili tangu nilipokuwa msichana wa darasa la nne, katika enzi za Mwingereza, na mama mwenyewe sasa amelala kwenye kibanja chetu kule Muleba, chini ya migomba aliyoipanda kwa mikono yake, pasipo kunipa jibu. Kila mwaka ifikapo Novemba, mvua zinapokolea na majirani zangu hapa Rwamishenye wanapoanza kukaanga senene, harufu ile ya mafuta ya senene wenyewe yakichemka katika chungu huingia dirishani mwangu na kunirudisha kwenye asubuhi moja yenye umande. Wengine harufu hiyo huwatia njaa. Mimi hunitia upweke, na kwa muda mrefu sikumweleza mtu sababu.

Msomaji asiyetoka kwetu inafaa aelewe jambo moja. Senene, panzi wetu wa kuliwa, huanguka usiku, wakiwa wengi mno, juu ya rweya, yaani uwanda wa nyasi ulio kati ya kijiji kimoja na kingine. Alfajiri huwakuta wameng'ang'ania mashina ya nyasi, mabawa yamelowa, hawawezi kuruka, na mtu huwachuma kama anavyochuma maharage. Jua likishapanda, umande hukauka nao huruka. Kwa hiyo kikapu kilichojaa hakipatikani ila asubuhi, na hilo analijua hata mtoto anayejifunza kutembea. Jambo la pili ni kwamba wakati ule kazi ya kuwakusanya ilikuwa ya wanawake, lakini wanawake hawakuwala. Walichuma, wakanyonyoa mabawa na miguu, wakakaanga, kisha wakawatengea wanaume. Binti aliyeleta kikapu cha kwanza cha msimu alisifiwa na baba yake mbele ya wageni, na sifa hiyo ilidumu mpaka msimu mwingine.

Baba yangu hakuwa mtu wa kusifu. Alikuwa mkulima wa kahawa, Mkatoliki wa kupiga magoti wima, na maneno yake aliyatoa kama mtu anayegawa chumvi. Nilikuwa nikiongoza darasani kwa miaka mitatu, naye kila nilipomwonyesha daftari alisema tu, "Haya, weka mahali pasiponyeshewa." Asubuhi ya mtihani wa hesabu, ule mtihani wa kuchagua watoto wa kwenda shule ya kati huko Bukoba, nilitoka nyumbani mapema, kalamu yangu ikiwa imefungwa katika kitambaa. Nilipofika kwenye rweya nikaona nyasi zimegeuka rangi. Senene walikuwa wamefunika kila kitu, wa kijani na wa kahawia, na hapakuwa na mtu mwingine. Nilijiambia nitachuma kidogo tu. Nilikimbia kwa bibi mzaa baba, ambaye nyumba yake ilikuwa ukingoni mwa rweya, nikaazima kikapu chenye kifuniko, nikaanza. Sikuwa mtoto mjinga. Nilijua kabisa niendako, ila masikioni mwangu nilikuwa namsikia baba akitaja jina langu mbele ya watu.

Nilisikia chuma cha shule kikigongwa nikiwa mbali. Nilikiacha kikapu kwa bibi, nikakimbia, nikafika wenzangu wakiwa wameshapita nusu ya karatasi. Msimamizi, mgeni aliyetumwa kutoka mjini, alinitazama miguu iliyolowa hadi magotini, akanionyesha kiti. Vidole vyangu vilikuwa na rangi ya kijani na vilinuka. Maswali niliyoyafikia niliyajua yote. Yale ya mwisho, yaliyokuwa na alama nyingi, sikuyasoma hata maandishi yake.

Jioni nilimpelekea mama kikapu, nikamwambia nimewachuma wakati wa kutoka shule. Alikifunua, akawatazama, akakaa chini na kuanza kunyonyoa mabawa. Hakuniuliza kitu. Mikono yake ilikwenda haraka, nami nilikaa mkabala naye nikisaidia, nikiogopa kuinua macho. Baba alipotengewa alikula akiwa na majirani wawili, akatafuna taratibu, kisha akasema, "Hawa kaleta Koku. Wa kwanza kijijini." Ndivyo nilivyoipata sifa niliyoitaka, nikawa ninaisikiliza nikiwa nyuma ya kizigeu, na senene hata mmoja sikuonja.

Matokeo yalisomwa Januari, uani pa shule. Asubuhi ya siku hiyo mama alirudi kutoka rweya na mzigo wa nyasi mbichi kichwani, akazitandaza sakafuni nyumba nzima kama ilivyo desturi yetu tunapotarajia wageni au furaha, akatenga na punje za kahawa za kutafuna. Mwalimu Respisi, aliyetufundisha darasa la nne, alisoma majina saba. La Leokadia, rafiki yangu tuliyeketi naye benchi moja, lilikuwa la tatu. Langu halikuwapo. Nilisubiri ageuze karatasi, kwa sababu nilidhani huenda limeandikwa upande wa pili. Nilirudi nyumbani peke yangu, nikazikanyaga zile nyasi mbichi zilizokuwa zinanukia, na mama akasema tu, "Ndizi zipo chunguni, mwana wange. Kula kwanza."

Wiki zile mbili zilizofuata ndizo ninazoziita msimu wa upweke wangu. Leokadia alipita kuniaga akiwa na sanduku jipya la bati lililong'aa, akajitahidi kutofurahi, na juhudi yake hiyo iliniumiza kuliko kama angerukaruka. "Nitakuandikia," alisema. Nikamjibu, "Andika kwa wino mzuri, nisije nikashindwa kusoma na hilo nalo." Tulicheka kidogo, kisha akainua sanduku lake akaenda. Baada ya hapo nilikuwa nakwenda kisimani saa ambazo wengine hawaendi. Niligundua kwamba aliyeshindwa kwa bahati mbaya huonewa huruma na hujionea huruma, lakini aliyeshindwa kwa kosa analolijua yeye tu hana hata pa kuilaza hiyo huruma. Watu waliponiambia, "Pole, mitihani ni migumu," nilitamani ardhi ipasuke. Nyasi za sakafuni zilikauka, zikaanza kukatika chini ya miguu, na mama hakuziondoa.

Jumapili jioni, kabla ya shule kufunguliwa, Mwalimu Respisi alikuja. Baba alimkaribisha, akampa kahawa ya kutafuna.

"Waitu, nafasi ya kurudia darasa ipo moja," mwalimu alisema, akimwita baba kwa neno letu la heshima. "Kuna binti wa kule Ngenge anaiomba. Nimesema nitamngoja Koku mpaka chuma kigongwe kesho asubuhi. Asipokuwa kwenye benchi, nampa yule."

"Mimi simburuti mtu," baba akajibu. "Maharage yanangoja palizi. Akitaka kwenda aende, akitaka kubaki jembe lipo. Aamue mwenyewe."

Kurudia darasa maana yake ilikuwa kuketi na Paskazia, mdogo wangu, aliyekuwa anaingia la nne mwaka huo. Naye hakunihurumia. "Dada, ukija tutakaa benchi moja," alisema akicheka, "lakini usinichungulie!" Mama alimkemea, "Wee Paska, ulimi huo utautafuna!" Lakini hata yeye alikuwa anaficha tabasamu. Mimi nilitoka nje, nikakaa kwenye mgomba ulioanguka mpaka giza lilipoingia. Niliona wazi kwamba nikibaki nyumbani kila mtu ataendelea kunipa pole kwa jambo ambalo halikutokea, na mimi nitazipokea pole hizo maisha yangu yote. Nikienda, angalau nitakuwa nimerudi mahali nilipokosea. Nikaamua kwenda.

Leo watoto wa majirani huja kwangu na matokeo yao, kwa kuwa wanajua nilifika chuo kikuu. Senene wanauzwa sokoni kwa vikombe, na wanawake tunawala bila kumtazama mtu. Nami nawala, nikiwa na furaha na hatia kwa pamoja. Watoto hawa wana vitabu tusivyovifahamu sisi na walimu wa ziada mchana, lakini naona nyuso zao zinakuwa pweke vilevile karatasi inapowakataa. Siwaambii kwamba yote yatakuwa mema, maana sijui. Huwauliza ni wapi walipokosea, huwasubiri wanijibu bila kuwaharakisha, na wakishasema nawaambia kuhusu kikapu changu. Mwaka jana binti mmoja aliniuliza, "Mama Koku, kwa nini hukumwambia mama yako?" Nilimwambia ukweli: niliogopa kusikia kwamba alikwishajua. Mtu aliyenyonyoa senene maisha yake yote angewezaje kuamini wale waliokuwa kikapuni wamechumwa mchana? Na kama alijua, zile nyasi mbichi alizitandaza kwa ajili ya nini?

Asubuhi ile ya Jumatatu niliamka kabla ya Paskazia. Nilidhani nitatoka bila kuonwa, lakini nilimkuta mama jikoni, moto umeshawaka, ndizi mbili za gonja zimeshaokwa na kufungwa katika jani. Alinikabidhi, akanitengeneza ukosi wa gauni. "Pita moja kwa moja," alisema, kama wasemavyo mama wote. Nilivuka rweya bila kutazama kulia wala kushoto, umande ukanilowesha hadi magotini kama siku ile. Uani pa shule hapakuwa na mtu. Niliingia, nikakaa benchi la mbele, nikafungua kitambaa na kutoa kalamu yangu, nikaiweka mbele yangu. Kisha nikakaa nikisubiri chuma kigongwe.