Marehemu wa Kitabuni

Majuzi nilikuwa Kigera kwa binti yangu, wajukuu wakitazama filamu huku wakitafuna bisi. Mtu mmoja alipigwa risasi, akaachwa kwenye nyasi, na picha ikahamia harusini. Nikainuka nikatoka nje.

“Babu kaogopa,” akasema mdogo.

“Hajaogopa, kachoka,” dada yake akanitetea.

Hakuna aliyepatia. Nilikuwa nimemkumbuka bibi yangu mzaa baba, na kitabu kilichomliza.

Tuliishi kijijini, kwenye rasi nje ya mji wa Musoma. Baba alikuwa mvuvi. Siku moja alitoka kwenda kambi ya wavuvi kisiwani Rukuba, upepo ukachafuka, mtumbwi ukapatikana umepinduka, yeye hakuonekana. Kwetu, mtu akipotelea ziwani, ukoo hukata kipande cha mgomba, hukivika shuka, hukizika mahali pake, ndipo matanga yaanuliwe. Bibi alikataa. “Simziki mtu aliye hai,” alisema, na wazee wakarudi makwao.

Tukakaa hivyo, misimu ikapita. Mama hakuwa mke wala mjane. Kila jioni alimega ugali wa muhogo wa baba, akaufunika, na asubuhi tukaula sisi watoto ukiwa umekakamaa.

Mwalimu wetu ndiye aliyeniazima kile kitabu, riwaya ya vita. Bibi hakujua kusoma, lakini alipenda kusomewa. Alasiri, yeye akigeuza dagaa waliotandazwa juu ya mawe ya moto, mimi nilikaa kwenye kivuli cha jabali nikisoma kwa sauti. Jirani yetu, mama mmoja mcheshi, hakuwa akikosa, alikuja na ungo wake ili asikilize.

“Soma vizuri, mume wangu,” bibi aliniambia. “Unameza maneno utadhani unakula samaki furu.”

“Mumeo ana njaa,” jirani akasema. “Mpikie kwanza.”

Kilikuwa kitabu kizito. Vijiji viliungua, watoto walitupwa njiani. Jirani aliacha kutania. Bibi alikunja uso, lakini hakukubali niruke hata ukurasa mmoja. Mwishoni kijana askari alikufa bondeni, wenzake wakakimbia, na maandishi yakaishia hapo.

“Endelea,” bibi akasema.

“Kimekwisha, bibi.”

“Kimekwishaje? Wamemzika wapi?”

“Hawakumzika.”

Mwalimu alikuwa akipita kutoka shuleni, bibi akamwita. “Mwalimu, kijana wa humu, mama yake yuko wapi?”

“Bibi, hayo ni ya kutungwa. Hakuna mtu hapo.”

“Ana jina, mwalimu. Mwenye jina ana mama. Mbona amemwacha mwanawe juani?”

Bibi akaketi katikati ya dagaa, akaangua kilio, kile cha msibani, ambacho kijijini mtu halii bure. Watu wakaja mbio, wanawake wameshika vichwa, wakiuliza nani amekufa. Bibi akamtaja baba kwa jina lake. Mama, aliyekuwa akipanda kutoka ziwani, akaiacha ndoo ya maji ianguke.

Kesho yake ukoo ulikata mgomba. Katekista alituongoza kwa sala. Nilisimama kando ya shimo nikitamani kuwaambia kwamba mle hamna mtu, kwamba baba angeweza kutokea jioni ileile. Mama, ambaye hakuwa ametoa chozi tangu mtumbwi urudishwe, alilia mpaka sauti ikakauka, na bibi akamshika kiunoni asianguke.

Nimesoma vitabu vingine tangu hapo, vyenye giza kuliko kile, na sijamwona tena mtu akimlilia marehemu wa kitabuni mpaka majirani wakaja. Bibi hayupo, mama hayupo, mwalimu tulimzika Bunda. Miaka hii ya karibuni ziwa lilipopanda, liliingia mpaka migombani, likachukua ufuko na kaburi pamoja. Namshukuru Mungu kwa yote, ingawa shukrani hii huja polepole.

Nikienda kijijini siku hizi, huwaonyesha vijana wanaovua pale: hapo chini amelala baba yangu. Wanavua kofia, wanasogeza mtumbwi kwa adabu, wakiamini kweli kuna mtu. Sijawahi kuwasahihisha.