Siku Pikipiki Yangu ya Zambarau Ilipokataa Kuzima Ukweni

Nawasimulia hii mimi mwenyewe kwa sababu najua mtaisikia tu, na bora muisikie kwa mwenye aibu kuliko kwa mjomba wangu Yona, maana yeye akiisimulia anasimama, anavua kofia, anaigiza honi kwa mdomo, na kila mara anaongeza kitu ambacho hakikuwepo (mbuzi wa pili, kwa mfano, hakuwepo, mbuzi alikuwa mmoja).

Kijiweni kwetu Chang'ombe, hapa Dodoma, hakuna anayenijua kwa jina la ubatizo, naitwa Punguza. Ni bodaboda mwaka wa sita huu, na tangu nianze kushika hela yangu sijawahi kulipa bei ya kwanza ya kitu chochote, nyanya lazima zishuke, suruali lazima ishuke, siku moja nilimwomba kinyozi anipunguzie kwa sababu kichwa changu upande mmoja hakina nywele nyingi, na akapunguza. Sasa akatokea Yunisi wa Hombolo, fundi cherehani, nilimbeba siku moja kutoka stendi na cherehani yake mapajani, nikamtajia nauli, akaishusha mpaka nusu, nikakubali, na hapo hapo nikajua nimepatikana.

Shida ilikuwa baba yake, Mzee Eliya. Huyu mzee ni mkulima wa zabibu, na pikipiki ameendesha miaka mingi akibeba makreti ya zabibu kuleta mjini, kwa hiyo sio mtu wa kudanganywa na mng'aro. Siku tulipopeleka barua ya posa aliipokea barua vizuri tu, halafu akatoka nje, akaizunguka pikipiki yangu kama mtu anayenunua ng'ombe mnadani, akapitisha kidole kwenye chesi, ile fremu ya chuma, kidole kikarudi na kutu. Akanionyesha kile kidole, akakifuta kwenye kitambaa chake taratibu.

"Chuma kinabanduka hivi," akasema, "na mwanangu ndiyo atapanda hapa?"

Akatuambia turudi kuongea mahari baada ya wiki tatu, ila pikipiki ataiangalia tena. Na Yunisi akaninong'oneza pale getini kwamba kuna karani mmoja ameshatuma salamu kwa baba mara mbili, na huyo karani ana gari dogo ambalo halina kutu. Basi mimi usingizi ukapungua (kitu pekee nilichowahi kupunguza bila kutaka).

Nikaamua chesi ikapakwe rangi ya unga, ile ya kuoka, sio ya kupuliza na kopo inayobanduka mvua moja. Kama huijui, wanavua pikipiki yote inabaki mifupa, wanaipiga mchanga kwa upepo mpaka kutu yote inatoka, wanaipulizia unga mkavu ambao unashika kwenye chuma kwa umeme, halafu wanaisukuma kwenye tanuri kubwa kama kontena, inaokwa kama mkate, ikitoka hata ukiigonga na jiwe inakucheka. Fundi ni dada mmoja wa Kondoa anaitwa Zaina, anapaka mageti na ringi za magari, mpole, ana sauti ya chini, na mtu wa sauti ya chini kwenye bei ni mgumu kuliko mtu wa makelele, hilo nalijua.

Akaniambia laki mbili na ishirini. Nikacheka kile kicheko changu cha kufungulia biashara, nikamwambia anitajie kimoja kimoja, akanitajia, kupiga mchanga kiasi hiki, unga na gesi ya tanuri kiasi hiki, na kuziba elfu arobaini. Nikauliza kuziba ndiyo nini. Akasema kuna sehemu za chesi hazitakiwi kuingia rangi, matundu ya boliti, shingo ya stelingi, na pale waya wa ethi wa umeme unapofungwa, lazima zizibwe na utepe wa joto na vizibo, moja moja, kwa mkono.

Elfu arobaini ya kubandika karatasi. Mimi niliona mwizi mchana kweupe.

"Dada Zaina, usizibe," nikamwambia. "Paka kote. Mimi nataka rangi nyingi, sio rangi chache."

"Kaka, kuziba ndiyo kazi yenyewe. Kupaka hata wewe ungepaka."

"Usizibe."

Akanitazama kidogo, akaniambia nirudie mbele ya mwenzake ili kesho nisije nikamgeuka, nikarudia kwa sauti, tena kwa majivuno, na nikalipa laki moja na themanini. Kijiweni walinipigia makofi. Rangi nilichagua zambarau, rangi ya zabibu iliyoiva, nikijua mkulima wa zabibu akiiona ataona nimemfikiria yeye, na kwa kweli ilipotoka tanurini ilikuwa nzuri mpaka nikaogopa kuigusa. Ilikuwa inang'aa, ukiinama unajiona meno.

Matatizo yalianza siku yenyewe ya safari, asubuhi, wakati wa kuiunganisha pikipiki upya. Boliti haziingii. Matundu yote yamepungua kwa unene wa rangi, nikashika nyundo, boliti ya injini ikaingia inalia kama nguruwe, stelingi ikawa inageuka kwa kusali, na mjomba Yona, ndiye mshenga wangu, amekaa kwenye kiti na suti yake na kofia anaangalia saa. Tulitakiwa tufike Hombolo saa nne, saa nne hiyo mimi bado nagonga.

Tukaondoka saa tano na nusu. Tumefika mbele kidogo, nikakanyaga breki kupisha kuku, honi ikalia. Sijaigusa. Nikakanyaga tena, ikalia tena. Nikawasha indiketa ya kushoto, ya kulia nayo ikawaka, na taa kubwa ikakonyeza mara mbili. Mjomba akanigonga bega akaniuliza kwa nini nawapigia honi watu wazima, nikamwambia mjomba sio mimi, akasema kama sio wewe ni nani, tuko wawili hapa. Njia nzima ikawa hivyo, kila nikipunguza mwendo nampigia mtu honi, akina mama wenye ndoo za maji wanasogea pembeni wananiangalia kwa jicho lile, mzee mmoja wa baiskeli nilimpigia honi mpaka akashuka, na mjomba kila tukipita mtu anavua kofia anaamkia kwa Kigogo na kuomba msamaha, mbukwenyi, mtusamehe, mbukwenyi, mpaka mkono ukamchoka.

Sasa ukweni. Kwa kuwa tumechelewa, wale wenyeji wakaona waanze na sala. Wamesimama wote uani, wazee na akina mama, macho yamefumbwa, mzee wa kanisa anatuombea tufike salama (anatuombea sisi, jamani, tufike salama). Na sisi ndiyo tunaingia. Nikakanyaga breki ya kusimama, honi ikapiga moja ndefu katikati ya "Bwana uwalinde njiani". Nikazima ufunguo haraka. Injini ikaendelea.

Nikazungusha ufunguo, nikarudisha, nikazungusha tena, injini inanguruma tu kama haijasikia. Nikafunga koki ya petroli, ila petroli iliyobaki kwenye kabureta inaweza kuiendesha injini dakika kadhaa, na mzee wa kanisa naye sio mtu wa kushindwa, akapandisha sauti, akawa anaomba kama anauza mitumba, mimi jasho, mjomba bado yuko nyuma yangu na kofia ameishikilia kifuani kwa heshima. Nikakumbuka dawa moja ya mwisho, tia gia, shika breki, achia klachi, injini itakufa kwa nguvu. Nikafanya. Kilichonitoka akilini ni kwamba breki ina honi. Honi ikalia, pikipiki ikaruka kama mbuzi aliyechomwa, ikafa, ila ufunguo nilikuwa nimeuacha umewashwa na mguu wangu umeganda kwenye breki, kwa hiyo kukawa kimya cha injini na honi inaendelea, piiiiii, mpaka mjomba aliponifinya.

"Amina," akasema mzee wa kanisa.

Watu wakafumbua macho. Nikatoa shikamoo kwa wote, sauti ikatoka kama ya kifaranga. Mzee Eliya hakuitikia kwanza. Alikuja moja kwa moja kwenye pikipiki, akaizunguka, akapitisha kidole kwenye chesi, kidole kikarudi kisafi, na mimi moyoni nikasema afadhali.

"Ya kuoka hii," akasema.

"Ndiyo, baba."

"Umelipa ngapi?"

Sasa hapo mtu mwenye akili angesema bei akanyamaza. Mimi ugonjwa ukanipanda, nikamweleza kwamba fundi alitaja laki mbili na ishirini lakini nikamshusha mpaka laki na themanini, kwa kumkatalia kuziba. Nilisema nikiwa nimetoa kifua mbele.

Akainama. Akatafuta ile boliti ya waya wa ethi, akaifungua, akachomoa mfukoni kile kisu kilichojikunja cha kukatia mizabibu, akaanza kukwangua rangi. Ndugu zangu, mlio ule niliusikia kwenye meno. Rangi mpya, ya zambarau, inadondoka vipande vipande kwenye vumbi la ukweni. Alikwangua mpaka chuma cheupe kikaonekana upana wa shilingi mia, akarudisha waya, akakaza boliti, akaniambia niwashe. Nikafungua koki, nikapiga kiki, ikawaka. Nikakanyaga breki, honi kimya. Nikazima ufunguo, ikazima, tii.

Akanieleza kama mtu anayemweleza mtoto, kwamba umeme wa pikipiki unakwenda kwa waya na kurudi kwa chuma, na rangi hii ni kama mpira, ukiifunika njia ya kurudi umeme unatafuta njia nyingine, unapita kwenye honi, unapita kwenye taa, na ufunguo hauna pa kuizimia injini. (Mimi niliishia kidato cha pili, tukamaliza somo la sumaku, inaonekana umeme walikuwa wanauanza nilivyotoka.)

"Kwa hiyo ulipunguza kipande cha kuzimia," akasema. "Na binti yangu je, unataka nikupunguzie kipande gani?"

Uwanja mzima ukacheka, mpaka mama mkwe akashika ukuta. Nami nikacheka, ningefanyaje. Ila lile neno liliniingia na halikutoka. Nikala kiapo pale pale kwamba leo, kwenye nyumba hii, sipunguzi kitu.

Wakaingia ndani kuongea. Mwoaji hakai kwenye maongezi ya mahari wala hatii neno, wanaongea wazee na mshenga, kwa hiyo mimi nikapelekwa nje upande wa jikoni nikapewa kiti karibu na dirisha, kosa la kwanza la wenyeji siku hiyo. Yunisi yuko jikoni anapakua wali, ananiangalia anauma kanga asicheke. Ndani nikamsikia Mzee Eliya anataja ng'ombe kumi. Na mjomba Yona, ambaye huu ugonjwa wangu niliurithi kwake, nikamsikia anakohoa kile kikohozi cha kufungulia biashara.

"Wakwe zangu," akaanza, "kumi ni neno zito, sisi ni watu wa..."

Nilisimama bila kujijua. Nikatia kichwa dirishani.

"Mjomba, usipunguze. Kumi ni sawa."

Kofia ya mjomba ilianguka yenyewe. Mzee wa kanisa akafumba macho tena. Na Mzee Eliya, badala ya kufurahi, akakunja uso kama mtu aliyenyang'anywa chakula mdomoni, akasema yeye alitaja kumi ili waongee mpaka jioni, ameandaa maneno wiki nzima, ameandaa na mithali, sasa huyu mtoto kamalizia dirishani.

Nyuma yangu Yunisi akaweka mwiko chini.

"Punguza," akaniambia, "nyanya unashusha, mimi ndiyo unanipandishia."

Wazee wakakaa kikao cha dharura juu ya kichwa changu, nacho kikiwa bado kiko dirishani. Mzee wa kanisa ndiye aliyetoa hukumu, kwamba kauli ya mwoaji siku ya mahari haihesabiwi, ni sawa na mbuzi amelia nje, kwa hiyo ile kumi aliyoikubali mbuzi haipo, maongezi yaanze upya. Ila mbuzi amelia, basi faini ni mbuzi. Mjomba akaikubali faini kabla mzee hajamaliza sentensi, kwa hasira. Mimi nikapelekwa mwisho wa shamba la zabibu, mbali na sauti ya binadamu, nikakaa huko na mbwa wao mpaka jua likaelekea kushuka.

Walipokuja kuniita, Mzee Eliya alikuwa anacheka na amemshika mjomba bega kama wamesoma wote, mithali zote zimetumika, na ng'ombe wamefika saba. Saba, na Yunisi ni wangu. Mama mkwe akapiga kigelegele, nikaipiga kiki pikipiki yangu ya zambarau, ikawaka, nikaizima, ikazima, nikaiwasha tena kwa furaha tu mpaka mzee akaniambia inatosha, mkwe. Aliniita mkwe. Karani mpelekeeni salamu.

Kupunguza bei sijaacha, nisiwadanganye, nyanya bado zinanijua. Ila fundi akiniambia hiki ndiyo kazi yenyewe, nafunga mdomo natoa hela. Wiki iliyofuata nilirudi kwa Zaina wa vizibo nikalipa elfu arobaini yake asafishe matundu yote, akacheka kwa ile sauti yake ya chini. Pale alipokwangua mzee nimekataa pasiguswe. Yunisi akipanda, goti lake linapafikia.

Na vijana wa kijiweni wakiniuliza chesi ya namna hii inapakwa kwa bei gani, nawaambia ukweli wote. Laki mbili na ishirini ukimsikiliza fundi. Ukiwa mjanja kama mimi, laki na themanini, halafu arobaini, na mbuzi.