Kila Ukurasa Ulianza na Moja

Siku yangu ya kwanza katika kampuni ya kutengeneza tovuti mjini Kasese, Meneja aliniuliza kama naogopa kompyuta. Nilikuwa nimepiga chapa nusu ya maisha yangu, mvi zimeanza kuota, na cheti changu kilikuwa cha sekondari tu.

"Naogopa njaa," nikamjibu. Akacheka, akanipa kiti.

Kazi yangu ilikuwa orodha. Orodha ndefu haiwekwi yote mahali pamoja, maana simu za watu wetu huchelewa kuifungua. Unaikata kurasa, na chini unaweka vitufe vya "nyuma" na "mbele". Hapo pana mtego ambao ninyi vijana bado mnanaswa nao. Kompyuta isipoambiwa, huanza kuhesabu upya kila ukurasa. Lazima uiambie ianzie wapi: chukua namba ya ukurasa, toa moja, zidisha kwa idadi ya majina katika kila ukurasa, kisha ongeza moja. Hesabu ya shule ya msingi!

Baadaye nilihamishiwa ofisi yetu ndogo ya Bwera. Chama cha wachuuzi kilikuwa kimejenga soko, kikataka waliopata vibanda watangazwe mtandaoni. Namba ya jina ndiyo namba ya kibanda. Niliyapanga majina ishirini ishirini. Nikampigia Meneja simu kumwambia ukurasa wa pili unaanza tena na moja, nataka kusahihisha.

"Mzee, inapendeza hivyo," alisema. "Kila ukurasa safi. Rusha mtandaoni."

Nilijua si sawa. Nikarusha.

Bwera watu hawakuhangaika na kitufe cha "mbele". Mwenye duka la fotokopi alichapa kurasa zote akazibandika ukutani, kila moja ikianza na moja, na kila mtu akasoma namba iliyo kando ya jina lake.

Siku ya kufungua soko, Hajati Zamu, muuza chumvi kutoka Kabatoro, alishusha magunia yake mbele ya kibanda cha nne. Ndani alikwishakaa mke wa polisi wa kambini, na maharage yake.

"Mama, namba ine ni yangu," alisema Hajati.

"Hata mimi iko namba ine. Tukae wawili kama wake wenza?"

Watu wakacheka. Msimamizi wa Soko, mwanajeshi mstaafu tuliyemwita Afande, hakucheka. Alinigeukia mimi, niliyekuja kuona ufunguzi.

"Fundi, ni wewe ulitengeneza. Sema!"

Jina la Hajati lilikuwa la nne katika ukurasa wa pili. Kibanda chake kilikuwa cha ishirini na nne, nacho kilikuwa wazi, hatua chache tu kutoka pale. Lakini asubuhi ile, nilipomwonya kwamba namba zitagongana, Meneja alikuwa ameniambia kwa simu, "Usiseme ni sisi. Sema ni mtandao."

"Mtandao umechanganya, Afande," nikasema.

Mtandao! Mtandao una mikono? Mikono ilikuwa yangu.

Afande akatazama simu yake. "Mutandao haina ishirini na ine. Haina hata ishirini na moja. Basi vile vibanda haina mwenyewe. Hajati, toa magunia, haraka!"

Kufika jioni, jamaa za Afande walikuwa wametia kufuli vibanda vyote vilivyozidi ishirini. Mvua ikashuka kutoka milimani. Magunia ya Hajati yalikuwa nje, na chumvi ikatiririka mtaroni mbele ya macho yetu.

Wiki ile ile nilisahihisha namba. Kufuli hazikufunguliwa. Afande alisema soko limeshajaa. Meneja alisema mteja hajalalamika. Mteja! Kwao Hajati hakuwa mtu.

Sasa nimestaafu, na bado nafungua tovuti nikakuta ukurasa wa tatu unaanza na moja. Hasira hunipanda kama jana. Vijana, bosi akiwaambia inapendeza, mwulizeni inampendeza nani.

Hajati anauza chumvi juu ya turubai, kando ya barabara, kuvuka tu lango la soko. Nanunua kwake. Kila mara huniuliza, "Fundi, leo mimi ni wa ngapi?"

"Ishirini na nne, Hajati."

"Sema kwa nguvu. Afande hajasikia."

Nami nasema kwa nguvu.