Kuku Mwenye Bawa Moja

Nina ugonjwa wa kufundisha. Ukinipa samaki, nitakuonyesha kwanza anapopumulia, ndipo nile. Nafundisha bayolojia hapa Mvara, na nyumbani wamenizoea, wananicheka tu. Ndiyo maana siku wakwe walipokuja kutoka Koboko kumposa mdogo wangu, mama hakuona hatari yoyote kuniachia jogoo nimkate.

Kuku wa wakwe nyumbani kwetu hakatwi ovyo. Kisu kinapita kwenye maungio, mfupa hauvunjwi, na kila kiungo kina mwenyewe: firigisi ni ya mzee wao, mabawa yote mawili ni ya shangazi wa mchumba, yeye atakayempokea binti huko aendako. Haya nayajua tangu utotoni. Lakini Jumatatu nilikuwa na somo la mifupa, na shuleni hatuna hata picha ukutani. Nikashika bawa la kushoto, nikasikia kiwiko kikicheza chini ya ngozi, nikajiambia bawa lina nyama gani hata mtu alikumbuke. Nikalifunga kwenye kavera ya plastiki, nikalipeleka kwenye friji ya jirani.

Wageni walipokwisha kunawa, shangazi alifunua bakuli. Alikuwa mama mnene mwenye sauti ya upole. Akapekua mchuzi kwa kijiko, akarudia tena polepole. Wao wanasema Kikakwa, sisi Kilugbara, basi siku hiyo tuliongea Kiswahili chetu cha sokoni.

"Kuku hii iko na bawa moja," alisema. "Ingine iko wapi?"

Kuku akipungua kiungo, wakwe huelewa kwamba na binti naye ana kitu kimefichwa, kifafa labda, au ugonjwa wa kurithi. Mama alinitazama. Ningesema tu kwamba nimekosea, wanisamehe, yangeishia hapo. Badala yake nilifundisha.

Niliwaambia bawa ni mkono. Ndani mna mfupa mmoja juu, miwili chini, kisha vidole vilivyoungana. Sisi tunayo mifupa hiyo, mbuzi anayo, popo anayo, kwa sababu sote tumetokana na mnyama mmoja wa kale sana mwenye miguu minne. Nikasema wanafunzi wangu lazima waione kwa macho yao. Sauti yangu ilikuwa ile ya darasani, ya juu, na nilijisikia nikiropoka nikashindwa kunyamaza.

"Mwalimu," mzee wao alisema, "sisi nauliza bawa, wewe naleta popo. Huyu binti iko na shida gani?"

Mdogo wangu alikuwa amepiga magoti kwenye mkeka, ameinamisha kichwa kama inavyotakiwa. Akavua shali, akapandisha mikono ya gauni mpaka mabegani, akanyoosha mikono yote miwili mbele ya wanaume wa watu.

"Wazee, mimi iko muzima," alisema. "Muangalie."

Shangazi akamsogelea. Akampapasa bega, kiwiko, kifundo, kidole kwa kidole, kisha akauchukua mkono wa pili. Hakuwa na ubaya. Alitaka aibu ile iishe upesi. Lakini ndivyo tunavyokagua mbuzi mnadani, na aliyekaguliwa ni mtoto niliyembeba mgongoni. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mama alikuwa ameuma midomo, anatazama mlango.

"Iko sawa," shangazi alisema. Akakaa, akala bawa lake moja. Posa ikakubaliwa, wazee wakaanza kuongea habari za mvua na barabara.

Hakuna aliyenigombeza, na hilo ndilo lililonichoma zaidi. Nilikaa na sahani yangu mapajani, naona haya hata kumtazama mama. Baada ya chakula mdogo wangu alizunguka na birika na beseni kuwanawisha watu. Mikono ya gauni alikuwa ameishusha. Aliponifikia alipiga magoti vilevile kama kwa wageni, akanimiminia maji bila haraka, nami nikasugua vidole ambavyo havikuwa na uchafu wowote.

"Dada," alinong'ona, "Jumatatu usiambie wanafunzi habari yangu."