Kadi Isiyosubiri Marahaba

Kila neno hapa ni kweli tupu. Mwandishi yuko tayari kuapa mbele ya mchungaji na shehe kwa pamoja, na likipatikana la uongo hata moja, jogoo wake mwekundu atolewe.

Saa tano asubuhi, jua limeenea juu ya mabati ya Soni, na milima imekaa kimya kama watu wanaokumbuka kitu. Ndani ya duka la kutoa kopi, Raheli Clemence, anayetengeneza programu za simu, anatazama peasi zisizoonekana.

"Jina lipo, kijiji kipo, peasi hazipo," anasema. "Pametoka peupe tu."

Programu yake inaitwa Kapu. Mkulima anaandika alichovuna, anaweka picha, na vyote vinakaa kwenye kadi ndogo ndani ya kioo cha simu. Akibonyeza kitufe, kadi hiyo peke yake inageuka picha na kutumwa kwa mnunuzi wa Tanga, ambaye hana hiyo programu.

Kwa nini isipigwe picha ya kioo kizima? "Tulianza hivyo," anacheka. "Mnunuzi akapokea karoti za Bi Salama pamoja na ujumbe wa mkwewe kuhusu mbuzi. Nikasema basi, nitakata kadi tu."

Kukata si jambo geni kwake. Utotoni, akitumwa kuni upande wa Irente, aliunda dirisha kwa vidole, akachagua kipande cha bonde, kinjia kimoja, moshi mmoja, akafumba macho na kwenda nacho nyumbani. Anasema baadhi ya vipande hivyo bado anavyo.

Lakini mara hii kazi ina haraka. Mzee Zuberi ameshachuma peasi zake. Mnunuzi hachukui asichokiona, na lori la Fuso la kwenda Tanga linaondoka alasiri. Kadi ikitoka nyeupe tena, peasi zitakwenda kwa dalali, kwa bei ya dalali, na wakulima wengine wataifuta Kapu kwenye simu zao.

Mwandishi, mstaafu anayeujua ukungu kwa tabia, alieleza sababu palepale: ukungu wa Magamba umeingia kwenye simu kupitia tundu la chaji. Ni uleule aliowahi kuufunga kwenye magunia akawauzia watu wa Mombo msimu wa joto.

Raheli anatoka nje kupunga hewa. Mlangoni anapishana na Mzee Zuberi.

"Shikamoo mzee," anasema, huku akipita.

"We Raheli! Rudi uchukue marahaba yako. Unamwamkia mtu kisha unakimbia kama umeiba?"

Anarudi, anapokea marahaba, anaulizwa mama, anaulizwa shamba, anaulizwa ng'ombe. Katikati ya habari za ng'ombe anabaki mdomo wazi.

"Mzee, programu yangu nayo haina adabu. Inaita picha ya peasi, halafu inakata kadi kabla picha haijaitika."

Mtandao wa milimani ni mzito. Picha huja kwa kujivuta. Raheli anarudi kwenye kompyuta, anaiamuru Kapu isubiri hadi picha ifike yote, ndipo ikate. Anabonyeza. Peasi zinatokea, za kijani, na umande juu yake.

"Ndiyo zenyewe," anasema Zuberi. "Hata ile yenye kovu imo."

Jibu la Tanga linaingia: pakia zote.

Sasa Raheli anataka kuifikisha Kapu kwa wafugaji wa Kwai, kisha Bungu. "Nataka mtu akae kwake, ukungu umemfunika kabisa," anasema, "na mazao yake yaonekane hadi pwani."

Kabla habari hii haijapelekwa gazetini, aliomba aisome. Akafika kwenye tundu la chaji, akarudi juu kwa kidole.

"Babu, hapa umeandika jua limeenea juu ya mabati."

"Ndiyo."

"Ukungu ulitoka wapi?"

Mwandishi alikohoa. Alipoanza tena habari za magunia, Raheli akamwonyesha aya ya kwanza, penye jogoo.

Kadi ilikatwa jioni ileile, baada ya kusubiri kama inavyopasa: jogoo mmoja, mwekundu, ameshachukuliwa. Ilitoka safi hadi kilemba chake. Jogoo mwenyewe alikwenda kwapani mwa Raheli, na alfajiri ya leo amewika ng'ambo ya bonde. Mwandishi amemsikia. Hilo nalo ni kweli.