Mama amemtajia kocha goti langu

Jamani, leo mama nusura anikoseshe timu.

Nimecheza kikapu chuoni miaka yote nikiisubiri simu moja tu. Leo imepigwa, kutoka timu ya kulipwa ya daraja la pili.

Mimi niko bafuni, hapa nyumbani Mashewa. Akapokea mama.

"Shikamoo mama. Kijana wako ni mrefu?"

"Marahaba. Mfupi, baba. Halafu ana goti bovu."

Nikatoka na sabuni usoni, nikaomba simu.

Kocha akasema, "Warefu ninao. Nataka mtu wa kugawa pasi. Njoo Jumatatu, goti daktari wetu ataliangalia."

Nikamuuliza mama, goti umelitaja la nini?

"Ulitaka wakalimalizie huko?"

Nyie, mama zenu wakoje?