Kipumulio cha Kabatini

Nilikwenda Ukerewe nikiwa nimekasirika. Deo, anayezamia kwenye vizimba vya sato vya mama yake, alinipigia simu mimi, fundi wake wa vifaa vya kuzamia, nikiwa nyumbani Pasiansi, Mwanza, akasema kipumulio chake kimeanza kukohoa chini ya maji. Kipumulio ni kile kidude cha mdomoni kinachokuletea hewa kutoka kwenye mtungi ulioubeba mgongoni. Nikamwuliza cha akiba kiko wapi, kile nilichomchagulia mwenyewe, chenye mpira mrefu wa njano ili mwenzake akiishiwa hewa aukamate hata kwenye maji ya tope.

"Mama amekihifadhi."

"Wapi?"

"Kabatini."

Nikakata simu, nikaanza kufunga begi.

Asubuhi, bandari ya Mwanza. Kivuko kilichelewa kwa sababu lori la soda lilikwama mlangoni, na kila abiria akageuka fundi wa kuelekeza: kata kulia, rudi nyuma, nyoosha. Mimi nilikaa juu ya begi langu nikisonya. Nilimwambia Deo zaidi ya mara moja: kioshe kwa maji safi, kikaushe kivulini, kijaribu kwa kuvuta hewa majini kila mara kabla ya kuzama. Kuna ugumu gani hapo? Mpaka tunaondoka nilikuwa nimeshagombana naye kichwani nikamshinda.

Nansio, mchana. Deo alinichukua kwa pikipiki hadi kwao ufukweni. Mama yake, Mama Koku, ni mjane wa Kihaya aliyehamia kisiwani na marehemu mumewe, na vizimba vile ndivyo vinavyomlisha.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ule kwanza."

Nikala. Nikaomba kipumulio. "Chai kwanza." Nikanywa. Huko majini wavu wa kizimba ulikuwa umechanika, sato wanatoka kama wamepewa ruhusa, na ilikuwa lazima Deo azame siku hiyohiyo. Hatimaye mama akafungua fundo la kitenge, akatoa ufunguo. Kabatini mlikuwa na vikombe vya wageni, chupa ya chai isiyowahi kutumika, na chini ya kitambaa cha kufuma, kipumulio ndani ya mfuko wa plastiki. Kinang'aa.

"Nakipaka mafuta ya mgando kila Jumamosi," akasema kwa fahari. "Kitu cha kuokoa mwanangu siwezi kukiacha kipauke."

Nilitaka kulia. Mafuta yale huulainisha mpira wa ndani mpaka unavimba na kushindwa kuzuia maji.

Ufukweni nilikifunga kwenye mtungi, nikapiga magoti majini, nikavuta. Nilipata nusu hewa, nusu ziwa. Nikakohoa mpaka machozi yakanitoka.

"Vipi?" akauliza mama.

Maneno nilikuwa nayo tangu Mwanza, tena makali. Lakini mtu uliyemwamkia shikamoo, ukala chakula chake, unamwambiaje kwamba ameharibu?

"Mpira umechoka, mama."

"Maskini," akasema, akakitazama kwa huruma.

Deo akadakia, "Twende tu, fundi. Hicho si cha akiba? Sitakitumia."

Nusura nimzabe kibao. Nilisafisha kile anachotumia kadiri nilivyoweza, nikavaa mtungi wangu. "Tunazama wote. Akiba ni yangu."

Chini ya kizimba tulishona wavu karibu wote. Kisha kipumulio cha Deo kikaanza kumwaga hewa chenyewe, mapovu yakatuziba macho, na mtungi wake ukaisha. Alinigeukia akijikata shingo kwa mkono, ishara ya kuishiwa hewa, akaunyakua mpira wa njano wa kipumulio changu cha akiba kifuani pangu. Tulipanda taratibu tukiwa tumeshikana mikono, vinywa viwili mtungi mmoja. Nilikuwa naogopa, na nilikuwa bado na hasira.

Jioni Deo alimsimulia mama yake mwenyewe. Mama alikichukua kile kipumulio changu cha mpira wa njano, akakifuta kwa kitenge chake.

"Nipe nikakioshe kwa maji safi. Si ndivyo unavyotaka?"

Nikafurahi. Angalau mmoja alikuwa amesikia. Deo naye aliniapia kwamba hatagusa maji mpaka nirudi na mipira mipya.

Kesho yake, ndani ya kivuko cha kurudi Mwanza, nilifungua begi kutafuta ndizi alizonifungia mama. Juu yake palikuwa na mfuko wa plastiki. Ndani, kipumulio changu, kile kilichomtoa Deo ziwani, kinang'aa mpaka kwenye mikunjo, kinanukia mafuta ya mgando.

Nikampigia mama simu.

"Umeona nilivyokitunza?" akasema kwa furaha. "Kisije nacho kikachoka."

Safari hii nikasema. Nilimweleza kwamba mafuta ndiyo yaliyoua mpira ule, na kwamba Deo angekitegemea angevuta maji.



"Kwa hiyo Jumamosi zote zile nilikuwa namwandalia mwanangu kifo," akasema, "na wewe ulijua, ukanywa chai yangu, ukaniambia mpira umechoka?"

Ukiniuliza nilichojifunza Ukerewe, ni swali hilo.